Mteja Aliyeketi Sikioni

Myeong-suk alivua pete na herini, akalala ndani ya mashine ya sumaku, akapigwa picha ya kichwa katika hospitali moja ya mji wa Daegu. Miezi minne sikio la kushoto lilikuwa likilia ngiii, na kizunguzungu kilishamwangusha mara mbili kwenye ngazi za kazini. Alitaka kitu kimoja tu: karatasi ya kusema kazi ndiyo iliyomuumiza, apewe likizo. Kazi yenyewe ni kupokea simu za wenye mashine za kuchuja maji. Miaka tisa anatukanwa na watu wasiojua hata kusafisha chujio, na sheria ni moja: anayekata simu ni mteja, wewe kamwe.

Daktari Eo aligeuza kioo cha kompyuta. "Angalia, mama. Uvimbe hakuna. Ni mtu."

Kwenye picha, ndani ya kile kijumba cha sikio kilichojikunja kama konokono, aliketi mwanamume mwenye kandambili, simu mkononi. Myeong-suk hakuwahi kumwona, ila dharau ya midomo ile iliyobinuliwa aliijua.

"Yule mteja wa chujio, wa miezi minne iliyopita," alisema. "Alinyamaza, nikadhani amekata."

"Hajakata. Ukigeuka, naye anayumba, ndiyo hicho kizunguzungu. Kumtoa ni dakika kumi, ila ni mteja wenu, lazima msimamizi wako atie sahihi fomu hii."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa msimamizi. Bang alifika mchana uleule, kitambulisho shingoni. Hakumjulia hali mgonjwa. Aliinama mpaka kiunoni mbele ya sikio lake.

"Samahani sana, mheshimiwa mteja. Tumekuchelewesha."

"Miezi minne!" sikio lilifoka, hata daktari akasikia. "Huyo mwanamke hana adabu! Anaongea kama kanuna!"

Bang alimgeukia Myeong-suk. "Umesikia? Simu bado iko hewani. Likizo ya ugonjwa haitolewi katikati ya simu."

"Naanguka, bosi! Mtoeni! Namchukia huyu mtu, na wewe nakuchukia vilevile!"

"Punguza sauti, mteja anasikia."

Daktari Eo aliirudisha fomu kwenye droo na kumwita mgonjwa mwingine.

Myeong-suk alishika ukuta mpaka chumba kikatulia. Machozi yalimtoka, lakini sauti aliilainisha kama alivyofundishwa.

"Habari za mchana, mheshimiwa mteja. Nikusaidie nini?"

Yule bwana akajiweka sawa sikioni, akaanza kueleza upya, tangu siku aliyonunua mashine.