Sentensi Moja ya Mshonaji

Mkewe alipotuma ujumbe kwamba Jumamosi saa nane mchana angekuja kuchukua cherehani yake, Bwana Ngoja aliusoma mara nne, na kila mara moyo ulimdanganya kwamba mtu anayetaka cherehani tu angemtuma mpagazi. Alikuwa na siku sita za kuumaliza mchezo wa kompyuta aliokuwa akimtengenezea.

Jina la Ngoja alipewa na majirani. Ubishe hodi, umpigie simu, hata nyumba iwake moto, jibu lake lilikuwa "ngoja kidogo," na aliyekujibu ni mgongo. Mchana alitengeneza kompyuta za watu. Akirudi nyumbani alijifungia na michezo ya mtindo wa zamani, ile ya vitone vikubwa na rangi kumi na sita. Alikuwa na injini yake, yaani programu mama ambayo juu yake mtu hujenga michezo yake mwenyewe. Ilimfikia ikiwa haijui mengi, na kila ilichokosa yeye alikiongeza, miaka saba mfululizo, hadi mkewe akachoka kuzungumza na mgongo akahamia kwa dada yake. Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu aondoke.

Tangu siku hiyo alikuwa akijenga mchezo mmoja tu, na ndani yake mlikuwa na nyumba yao. Injini haikujua mvua. Akaifundisha, kwa sababu mkewe alipenda mvua ikipiga bati. Haikujua kivuli, akamwekea paka wao kivuli. Pedali ya cherehani ilimla wiki tatu, lakini ilipanda na kushuka sawasawa na ile ya kweli. Tusimcheke. Mwingine angeenda kwa shemeji yake akapige magoti. Huyu alijua kuomba radhi kwa vidole tu.

Jumamosi mkewe aliingia saa nane kamili, amefunga kitambaa kichwani ambacho mumewe hakukijua. Aliombwa dakika kumi kabla ya kubeba mzigo wake, akakubali, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta. Alipoliona jiko lake na dirisha lenye ufa, alijishika mdomo.

"Hata ufa umeuweka," alisema, na sauti ililainika hivi kwamba mwanamume akajiona tayari ana mke.

Kisha mkewe akamtembeza mtu mdogo wa mchezoni, aliyekuwa mume, hadi kwa mwanamke aliyekaa kwenye cherehani, akabonyeza kitufe cha kuongea. Maneno yakatokea: *Karibu mume wangu. Chakula kipo mezani.* Akabonyeza tena. *Karibu mume wangu. Chakula kipo mezani.* Mara ya tatu, yale yale.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona hana neno lingine?"

"Injini ndivyo ilivyo. Mhusika asiyeongozwa na mchezaji anapewa sentensi moja. Ilitoka hivyo hivyo."

"Na mvua, ilitoka nayo?"

"Hapana. Niliongeza mimi."

"Kivuli cha paka je?"

Mumewe aliinamia kibodi.

"Na hiyo moja uliyonipa sijawahi kuisema, mwenzangu. Nilikuwa nikikuita unaniambia ngoja. Nakula peke yangu, chako nakifunika." Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, ingekuwa nafuu.

Alikifungua kichwa cha cherehani akakikumbatia kifuani. Meza na pedali aliziacha. Alisema ameshapata meza nyingine. Alipofika mlangoni mikono ilikuwa imejaa.

"Nishikie mlango," alisema.

Akamshikia. Kwa miaka mingi hilo ndilo jambo la kwanza aliloombwa na mkewe akalifanya papo hapo.

Aliporudi kitini alifungua msimbo wa injini, yale maagizo yanayoiendesha. Kumwezesha mhusika kuwa na sentensi arobaini kulimchukua dakika ishirini. Dakika ishirini, baada ya miaka saba. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama aliyefiwa.

Alijifuta uso, akaanza kuzijaza. Alikumbuka sauti ya mkewe nyuma yake, ikipanda, ikishuka, ikinyamaza. Kuna mteja aliyelikataa gauni la harusi, lakini kwa nini? Kuna siku alitoka kwa daktari, akasimama nyuma ya kiti muda mrefu, akasema jambo. Jambo gani? Yeye alichokumbuka vizuri ni jibu lake mwenyewe.

Akaifuta sentensi ya chakula, kwa kuwa ilikuwa ya uongo, na mahali pake akaandika ile pekee aliyokuwa na hakika nayo. Kisha akaufungua mchezo. Mvua ikaanza kupiga bati. Akampeleka yule mtu mdogo hadi kwenye cherehani, akabonyeza.

*Nishikie mlango.*

Akabonyeza tena. Kisanduku cha maneno kilifunguka kikiwa kitupu, kikamngoja.