Bundi wa Juu ya Tangi

Mimi kazi yangu ni bundi. Ndiyo, cheka tu. Umemaliza? Haya, tuendelee. Maabara yetu ina meza mbili, taa ya shingo ndefu na kabati lililojaa matonge. Bundi humeza panya mzimamzima, halafu manyoya na mifupa huitapika ikiwa imefinyangwa tonge. Mimi nayachambua hayo matonge kwa koleo ndogo na kuhesabu mafuvu. Mkuu wangu tunamwita Profesa Matonge. Anajua, na wala hajali.

Sasa mtu wa kazi hiyo, Mungu akampa mama anayeamini kwamba bundi akilia juu ya nyumba, ndani patatoka maiti. Mama anakaa nasi. Mimi na mume wangu tukienda kazini, yeye ndiye anayebaki na binti yetu wa miaka minne, Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Mwezi uliopita bundi wawili walihamia nyuma ya jiko, juu ya tangi la maji, na kila jua likizama wakawa wanalia. Mama hali, halali. Kawarushia mawe, kawatukana mpaka ukoo wao, wapi!

Nami kwa kiherehere changu nikamkalisha mezani. "Mama, bundi hana habari na roho ya mtu. Kafuata panya wa stoo yako. Chochote anachokula panya, bundi naye kakila." Nikamchorea na picha kabisa: unga, panya, bundi, na mishale katikati. Mama aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake. Mimi huyo, kichwa kikavimba, nikajiambia leo elimu imeshinda. Ulimi hauna mfupa, jamani.

Jumatatu asubuhi nilikuta bundi mmoja amekufa chini ya tangi, mabawa wazi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amembana Chiriku pua kwa kitambaa. Kitambaa kimelowa damu.

"Umeona?" akasema. "Kafa, lakini kazi yake kaiacha humu ndani."

"Mama, ni jua tu hilo. Mpake maji kichwani."

Juzi yake fizi za mtoto zilitoka damu, nikalaumu mswaki mpya. Miguu ilikuwa na madoa ya zambarau, nikalaumu utundu. Nilikuwa na jibu la kila kitu mimi. Nikamtia bundi kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda zangu kazini.

Profesa alimlaza chali mezani, akampasua kifua. Damu ikamwagika mpaka ukingoni mwa sinia. Nyepesi, maji matupu. Ndege aliyekufa tangu usiku, damu yake ilipaswa kuwa imeganda zamani.

"Sumu ya panya," Profesa akasema, bila hata kuinua macho. "Hii ya kuzuia damu kuganda. Panya akiila hafi palepale, binti. Anazurura siku tatu nne, mzito, hata kukimbia hawezi, na bundi anamwokota kirahisi. Halafu bundi naye anaanza kuvuja ndani kwa ndani. Hata mtu, akila kidogo kidogo, utaona hivyo hivyo. Pua, fizi, madoa kwenye ngozi..."

Koleo ilinidondoka. Nilimwona Profesa akiendelea kuongea, mdomo unacheza, sauti siisikii. Nikapapasa simu.

"Mama. Uliweka sumu ya panya?"

Akasema kwa fahari kidogo, "Ulisema mwenyewe. Chochote anachokula panya."

"Uliichanganya na nini?"

"Na unga. Kila jioni, wiki nzima sasa."

"Unga upi, Mama?"

"Ule wa uji wa mtoto. Una maziwa na karanga, panya wanaupenda."

"Sumu uliipima kwa nini?"

"Kile kikombe chake cha plastiki. Lakini nilikuwa nakifuta, mwanangu! Nikishakifuta ndiyo nakirudisha kwenye kopo la unga."

"Unakifuta au unakiosha?"

Nyuma yake nilimsikia Chiriku akiimba.

"Leo kanywa uji?"

"Kamaliza bakuli lote," Mama akasema, kisha simu ikamwanguka.

Sikumbuki nilivyofika hospitali. Nakumbuka nilikuwa bado nimevaa glavu. Mume wangu, aliyeitwa na Mama kutoka kazini, alimleta mtoto mbiombio, shati limejaa damu, maana pua ilikuwa imeanza tena na haikatiki. Daktari wa zamu alimchoma sindano kupima, na pale palipochomwa pakaendelea kutiririka. Nilipomweleza ni sumu gani, alinigeukia ghafla.

"Umejuaje?"

"Nimempasua bundi."

Alinitazama kama anayetaka kuniitia daktari wa akili, kisha akaagiza vitamini K ya kusaidia damu kuganda, na damu ya kuongeza. "Angekunywa uji huo siku mbili zaidi," akasema, na hakumalizia. Haki ya Mungu, bora angemalizia.

Kesho yake jioni nilirudi nyumbani kuchukua nguo, mume wangu akabaki wodini. Majibu ya kipimo cha damu yalikuwa hayajatoka. Nilimkuta Mama uani, ameshika fagio lenye mpini na ndoo. Anatafuta panya. Wale wazito, wanaopepesuka. Alikuwa amewaua tisa.

"Yule bundi aliyebaki asije akawala," akasema bila kunitazama.

Nilitaka kumfokea. Tangu jana nilikuwa na maneno yamenijaa kifuani. Lakini kwenye mkoba wake uliokuwa wazi pale ngazini niliiona ile karatasi, na mishale yangu, imenyooka vizuri, kazi ya mtu aliyesoma. Nikaketi chini. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nilichora mimi.

Jua likazama. Juu ya tangi, bundi akalia.

Mama aliganda, fagio hewani. Nami, mwenye mafuvu kabatini, mwenye jibu la kila kitu, nilisikia nywele zikinisimama. Nilitaka kuokota jiwe.

Simu ikaita. Ni mume wangu. Niliibonyeza, nikaweka spika, Mama akasogea akanishika mkono.

"Damu imeanza kuganda," mume wangu akasema, analia. "Mnanisikia? Inaganda! Ameamka na maneno yake yote. Anamtaka bibi yake."

"Niko hapa!" Mama akapiga kelele. "Mwambie bibi yupo! Anataka nini, mjukuu wangu?"

Ikasikika sauti ya Chiriku, ndogo, imekauka.

"Uji," akasema. "Bibi, niletee ule uji wako."