Filamu ya Akina Heng

Tangu asubuhi Pei-chun alikuwa hakamatiki. Kazini, kwenye kiwanda cha sosi ya soya, alijaza katoni nzima ya chupa zisizo na lebo, na msimamizi wake badala ya kugomba akacheka tu, maana mji mzima wa Xiluo ulijua leo kuna nini. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Babu wa Ardhi, mungu wa mtaa wao, na kila mwaka siku hiyo Babu huonyeshwa filamu uwanjani mbele ya hekalu lake. Miaka yote huwa ni filamu za mateke na mapanga. Mwaka huu ni filamu iliyopigwa humo humo kichochoroni kwao, ndani ya nyumba ya Pei-chun, kuhusu familia inayolea mtoto mwenye usonji. Na Pei-chun, ambaye ndiye aliyemfundisha mwigizaji kuwa mama wa mtoto wa namna hiyo, alikuwa hajui inaishaje.

Hapo pana kisa. Filamu za aina hiyo alikuwa keshaziona nyingi, na zilikuwa zimemfika hapa kooni. Kwanza mtoto ni lazima awe na kipaji: ama anapiga piano mpaka watu wazima wanalia, ama anakokotoa hesabu zinazowatoa jasho maprofesa. Baba hukimbia nyumba. Mama hulia kwenye mvua, tena bila mwavuli, sijui miavuli yao huwa wanaiacha wapi. Halafu mwishoni mtoto ambaye hajawahi kutamka neno anafumbua kinywa na kusema, Mama nakupenda, na muziki unafurika. Filamu hizo ndizo zilizomharibu Shangazi Bihua, dada wa mume wake, ambaye kila sikukuu aliuliza eti kipaji cha Heng ni kipi, kana kwamba wamekificha kabatini.

Heng alikuwa na miaka kumi, hasemi, na piano hajawahi hata kuigusa. Anachofanya ni kupanga kandambili. Kila jioni huzipanga mlangoni, za Bibi, za baba, za mama na zake, visigino nje na vidole ndani, ili anayeingia atumbukize miguu tu. Kama kuna asiyerudi, zake zitamngoja pale pale, na ole wake atakayezisogeza.

Kitu hicho ndicho Pei-chun alichompa mwongozaji wa filamu, binti mmoja aitwaye Yi-an. Alimwambia waziwazi, "Mwanangu hajawahi kuniambia ananipenda, na wala sina njaa ya kuambiwa. Nikirudi kazini nakuta kandambili zangu zinanisubiri. Ukitaka mwisho, mwisho ndio huo." Yi-an akaandika. Lakini siku ya mwisho ya kupiga picha alikuja, macho chini, akakiri kwamba waliotoa pesa za filamu wanataka mtoto aseme. Kwa hiyo alikuwa amepiga miisho miwili, na huo wa kandambili angeupigania.

Kwenye onyesho la kwanza, kule Taichung, familia nzima ilialikwa, Bibi akatengenezwa nywele. Dakika ya ishirini Heng akaanza kuvuma kama nyuki, ule mvumo wake wa raha, huku akienda na kurudi kwenye njia ya katikati. Akaja mfanyakazi mwenye tochi, akainama kwa adabu zote na kuwaomba watoke. Chih-pang, mume wake, alisema yeye atakaa nje na mtoto, Pei-chun abaki atazame. Pei-chun alikataa katakata. Filamu inamhusu mtoto, halafu mtoto awe nje? Wakarudi nyumbani wote, na tangu siku hiyo alimpiga marufuku kila mtu kumsimulia mwisho. Ataiona akiwa na Heng, au hataiona kabisa.

Basi jioni ikafika, na uwanja ukafurika kabla hata jua halijazama vizuri. Soseji zilichomwa, karanga za kuchemsha zikapitishwa, na watu wakawa wanabishana nani ataonekana zaidi, maana nusu ya mtaa ilikuwa imepita mbele ya kamera makusudi. Skrini ilitazamana na mlango wa hekalu, kwa kuwa mtazamaji mkuu yumo ndani. Safu ya mbele, viti vitano vyenye karatasi nyekundu, ni ya Babu na wageni wake. Hapo hakai mtu. Hata mlevi wa mtaa analijua hilo.

Heng aliingia, akaupita umati wote, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha tatu cha safu ile, akabandua karatasi nyekundu, akaikunja vizuri na kuketi.

Pei-chun akakimbia mbele, lakini mtoto alikuwa keshakishika kiti kwa mikono miwili, na Pei-chun alijua mshiko ule. Ukimvuta atapiga kelele, akipiga kelele ni nyumbani, na wakirudi nyumbani ndiyo basi, filamu imewapita tena. Nyuma yake Shangazi Bihua alikuwa anasema jamani mtoeni, atatuletea mkosi mwaka mzima.

Akatoka Mzee Tiamting, mtunza hekalu, mtu ambaye hajawahi kusifiwa kwa upole. Mkononi alikuwa na vile vibao viwili vyekundu vya kumuulizia Babu. Pei-chun alidhani amekwisha.

"Kiti si changu," mzee alisema, "na wala si chako wewe Bihua. Tumuulize mwenyewe."

Kibao kimoja chali na kimoja kifudifudi, Babu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anacheka. Na kwa jambo zito kama hili, akubali mara tatu mfululizo. Mzee akarusha, vikaanguka vyote chali. Akarusha tena, chali. Watu wakaanza kuguna kwa kicheko, maana Babu mwenyewe ameshikwa na kicheko, wao ni nani wajizuie. Akarusha mara ya tatu: ndiyo. Ya nne: ndiyo. Ya tano kibao kimoja kikabiringika mpaka chini ya kiti cha Heng, na Heng akainua mguu kukipisha. Umati wote ukainama kuchungulia. Ndiyo.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mzee Tiamting akaokota vibao vyake na kutangaza kwamba mtoto atakaa, na kwamba Babu ameulizwa juu ya mtoto tu, asijitie mwingine.

Filamu ikaanza. Heng akavuma apendavyo, akasimama, akazunguka, akarudi kitini, na hakuna tochi iliyokuja. Wala hakusikika sana, kwa vile majirani wenyewe walikuwa wanapiga mayowe kila wakiona jokofu la fulani au mbwa wa fulani. Pei-chun alikaa safu ya nyuma yake, amevua kandambili, miguu ameikunja kitini, hajui hata karanga anazotafuna zimetoka kwa nani.

Kisha akauona mlango wa nyumba yake kwenye skrini, na mama wa kwenye filamu anaingia, amechoka. Piano ikaanza polepole. Pei-chun akaukamata mkono wa Chih-pang. Mtoto wa kwenye filamu akamtazama mama yake, akafumbua kinywa.

"Tumekwisha," Pei-chun alinong'ona.

Mtoto akapiga mwayo. Akainama, akaisogeza kandambili moja kidogo ikae sawa na mwenzake, akaenda zake ndani. Mama akatumbukiza miguu. Skrini ikawa nyeusi.

Ikasikika sauti ya Shangazi Bihua, imekwama kwa machozi. "Nilipolala kwenu mwaka mpya, nilikuta zangu zimepangwa mlangoni. Asubuhi zote tatu. Nilidhani ni wewe, Mama Heng."

Pei-chun akashusha miguu kutafuta kandambili zake ili aende kumkumbatia mwanawe, akakuta hazipo. Akapapasa chini ya kiti, akainama, hazipo. Chih-pang akamgusa bega na kumwonyesha mbele.

Zilikuwa mbele ya kiti cha nne, kile cha pembeni ya Heng, chenye karatasi nyekundu. Zimepangwa sawasawa, visigino kwenye skrini, vidole kitini. Heng alikuwa anatazama majina yakipanda kwenye skrini, anavuma.

Pei-chun akasogea pekupeku, akasimama, akamgeukia mtunza hekalu. "Mzee, mimi sijaruhusiwa."

"Umeshawekewa kandambili," Mzee Tiamting alisema. "Unataka uitweje tena?"

Akatumbukiza miguu, akaketi.