Choo cha Soko la Kwa Mtui

Elinipendo alipanga mikungu yake ya ndizi mshare juu ya majani makavu, akafuta utomvu mikononi, kisha akafanya jambo ambalo hakuna muuza ndizi mwenye akili zake anayelifanya siku ya gulio. Alifungua chupa ya maji akanywa mpaka nusu.

"Mae!" Zita, jirani yake wa kushoto, alishika mdomo. "Saa mbili asubuhi hii? Utakwenda wapi, dada?"

Swali lilikuwa la haki. Pale soko la Kwa Mtui, wanakoteremshia ndizi akina mama wa Kirua Vunjo, choo kilikuwepo, tena kizuri, cha vigae vyeupe. Kilizinduliwa miaka miwili iliyopita kwa utepe, soda na hotuba tatu. Kesho yake kikapigwa kufuli. Ufunguo ulikaa kwa Wenseslaus, msimamizi wa soko, na kila aliyeuomba aliambiwa choo hakijakabidhiwa rasmi. Ukimuuliza kitakabidhiwa na nani kwa nani, anaanza kutafuta kalamu yake.

Zamani walikuwa wanajificha kwenye shamba la mahindi nyuma ya soko. Mwenye shamba akachoka, akazungusha seng'enge, na nani wa kumlaumu? Basi akina mama wakajifunza kukauka. Siku ya gulio hakuna chai, hakuna uji. Wakafika mahali pa kujisifu kabisa: "Mimi toka saa kumi alfajiri mpaka saa kumi jioni, kavu!" Na wenzake wanampigia makofi. Jamani, binadamu tunazoea mambo!

Elinipendo ndiye alikuwa bingwa wao, hadi figo zilipomlaza. Mara tatu ndani ya mwaka mmoja: homa, kutapika, kiuno hakishikiki. Wiki iliyopita Digna, muuguzi wa zahanati, hakumficha. "Mama, dawa nitakupa mpaka lini? Kunywa maji ya kutosha, na mkojo usiuzuie. Hizo figo zikiumwa hivi tena, sijui kama zitapona." Elinipendo aliogopa. Ana mama mkwe kitandani na ng'ombe wawili bandani, wote wanamsubiri yeye.

"Nitakwenda chooni," alimjibu Zita. "Na wewe kunywa." Akamjazia kikombe.

Zita alikitazama kama amepewa sumu. Kisha akakigida chote, akaomba kingine. Bibi Aikaeli, mwenye miaka sabini na ushee, naye akanyoosha mkono. Ikafuata safu nzima ya wauza ndizi. Elinipendo alikuwa amekuja na dumu la lita ishirini, na kabla ya saa nne lilikuwa tupu.

Saa nne na nusu alisimama mlangoni kwa Wenseslaus.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naomba ufunguo wa choo."

"Mama, si nilishasema? Kuna wageni watakuja kukikagua. Mkikichafua, nitawajibu nini?"

"Wageni wenyewe wanakuja lini?"

"Hawajasema."

"Basi mgeni wangu mimi ameshafika."

Wanaume waliokaa barazani wakaangua kicheko. Uso ulimwaka Elinipendo. Miaka hamsini na mmoja hajawahi kutaja haja yake mbele ya wanaume, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Akageuka arudi zake kwenye ndizi, akajibane kama siku zote.

Nyuma yake alisimama Zita, miguu ameibana. Nyuma ya Zita, Bibi Aikaeli na fimbo yake. Na nyuma ya Bibi, foleni ya kanga na vitenge mpaka getini.

"Na mimi naomba ufunguo," alisema Zita.

"Na mimi, mjukuu wangu," alisema Bibi Aikaeli. "Fanya upesi, umri huu hausubiri."

Wenseslaus akajaribu ukali, akasema ataandika majina yao wote. Wakaanza kumtajia, mmoja mmoja, na ukoo na kitongoji, bila kukosa hata herufi. Huko sokoni ndizi zilibaki peke yake. Madereva wa malori walipiga honi mpaka wakachoka. Mwishowe mnunuzi mmoja, Leonce, akaja mbio.

"Oya kaka, vipi hapa? Mzigo unatakiwa uwe Dar alfajiri, na hakuna hata mtu wa kuniuzia! Wape huo ufunguo bwana, unatuharibia siku!"

Wenseslaus alimtazama Leonce, akaitazama foleni. Akatia mkono mfukoni.

Elinipendo aliingia wa kwanza, akafunga mlango, akachuchumaa. Ee Ruwa, Mungu wangu! Machozi yalimtoka, ya raha na ya hasira pamoja. Miaka yote ile ya kujitesa, kumbe dawa ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye ndizi zake. Alipofungua bomba amwage maji, likakohoa vumbi. Akatoka, akazunguka nyuma ya ukuta. Bomba lilikuwa limeishia hapo, kwenye nyasi, halijaungwa popote.

"Wenseslaus, mwanangu, maji yako wapi?"

Kijana aliangalia viatu vyake. "Fundi alisema atarudi."

Kumbe! Wakubwa walikata utepe wa choo kisicho na maji, na kufuli lilikuwa la kuwasitiri wao.

Zita hakungoja maelezo. Alinyakua ndoo akaenda mfongoni, mfereji upitao juu ya barabara, akarudi imejaa. Foleni ikaanza kusogea. Kila aliyetoka alitoka anacheka, na wengine walimshika Elinipendo mkono wakimshukuru: "Aika, mama. Aika sana." Bibi Aikaeli ndiye aliyekawia zaidi kuliko wote, na hakuna aliyethubutu kumgongea. Alipotoka aliuchukua ufunguo mlangoni, akautumbukiza kifuani.

"Sasa, akina mama," Wenseslaus alisema kwa sauti ya kuomba, "nani atasafisha? Sina fungu la usafi mimi."

"Tutapeana zamu," alisema Elinipendo. "Na maji ya mfongo tutateka wenyewe. Ya bomba utatuletea wewe."

"Hilo muandike barua, niipeleke juu."

"Barua tutaandika." Alijifunga kitenge vizuri, akamsogelea. "Kwa sasa nipishe hapo mlangoni, baba. Naingia tena."