Ngoma Chini ya Dirisha la Maabara

Ikram, mtafiti wa chuo, alisema, akasema tena mpaka mate yakamkauka: siku ya mgeni rasmi, ngoma zikae mbali na dirisha la maabara. Mkuu wa chuo, Mzee Abdulwahab, akamjibu kuwa Dodoma mgeni hapokewi kimya kimya kama anakuja msibani. Haya.

Tangu soko huria liingie, kila chumba chuoni kilitafutiwa mpangaji, na cha Ikram kilishatamaniwa na tajiri mmoja wa Majengo aliyetaka kuweka majokofu ya soda. Kingesalimika kwa jambo moja tu: mgeni, mwenye kauli ya mwisho, aione swichi aliyoiunda Ikram ikifanya kazi. Na swichi yenyewe ilikuwa molekuli moja iliyoshikwa kati ya ncha mbili za dhahabu. Ukizisogeza ncha zikabana, umeme unapita vizuri. Ukizivuta, molekuli inanyooka, umeme unapungua. Hata mlango ukibamizwa, ncha zinatikisika, kazi imeharibika.

Mgeni akaja. Kina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo, wakapanga ngoma chini ya dirisha lile lile na kuzipiga kwa ari, wala hawakuwa na kosa, ndipo walipoonyeshwa. Kwenye kompyuta, mstari wa umeme uliotakiwa kupanda na kushuka kwa utulivu ukarukaruka ovyo. Ikram akaomba ngoma zisimame kidogo tu. Mzee Abdulwahab akacheka, akamweleza mgeni kuwa vijana bado wanajifunza, akamwongoza jukwaani.

Ngoma zikanyamaza mgeni ahutubie. Ikram akazibananisha ncha upya, akageuza skrubu taratibu. Mstari ukapanda. Akavuta, ukashuka. Akarudia, safi kabisa, huku kipaza sauti kikitangaza kuwa vyumba visivyozalisha vitakodishwa. Visivyozalisha! Jamani, watu hawa wana macho kweli?

Akatoka mbio na koti lake la maabara, akasimama mbele ya jukwaa.

"Shikamoo, mheshimiwa. Inafanya kazi sasa hivi. Naomba uje uone."

Mgeni, muungwana wa watu, akaacha hotuba katikati, akashuka. Ikram alikuwa ameshaanza kumshukuru Mungu. Mzee Abdulwahab naye, kwa kuona mgeni wake anatembea bila kupewa heshima yoyote, akawapungia mkono kina mama.

Wakamsindikiza kwa ngoma na vigelegele mpaka mlangoni. Mgeni akainama kwenye kompyuta, akautazama mstari unavyorukaruka, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Bado, binti yangu. Chumba hiki kipangishwe."

Ikram alimjibu kwa sauti yake yote, na hakuna aliyemsikia.