Baba Mwenye Kipato

Karani wa ada alikuwa amekwisha sema la kusema: uthibitisho wa mkopo ufike leo kabla madirisha hayajafungwa, la sivyo jina linafutwa kwenye orodha ya mwaka wa tatu. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema huku akitafuna tufaha, kama mtu anayemwambia mwenzake aanue nguo maana mvua inakuja. Msichana aliyeambiwa alitoka pale dirishani, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akaiweka simu mapajani na kuikodolea macho.

Kwao mtaani walimwita Daktari. Alikuwa anasomea utabibu wa mifugo, ila mama yake hakuona haja ya kuwafafanulia majirani kwamba wagonjwa wa binti yake watakuwa na kwato. Mama yule alikuwa hodari wa kuliacha neno lijieleze lenyewe kwa kadiri msikilizaji alivyopenda. Ndiyo maana mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la watu, nchi ya watu, jasho jembamba likimtoka.

Simu ikaita. Kwenye kioo kikatokea kidevu, kisha dari, kisha sebule ya kwao. Jirani alikuwa akihangaika kuisimamisha simu mezani kwa kuiegemeza kwenye chupa ya chai. Huyu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye roho nzuri, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake asubuhi, jioni hata wagonjwa wa kitandani wameipata.

"Unatuona, Daktari?"

"Nawaona, mama mdogo."

Aliwaona, na alichokiona kilimkata maini. Meza ile ya kioo ilikuwa ya Redio. Vikombe vya maua vilivyopangwa juu yake vilikuwa vya Redio. Makochi yao makuukuu yalikuwa yamevishwa vitambaa vyeupe, na dirishani palining'inia pazia jipya. Mama alikuwa ameambiwa kwamba mgeni wa serikali anakuja, basi akafanya alichoona ni heshima: akaazima. Mgeni anakuja kuhakikisha kwamba nyumba haina kitu, naye anakaribishwa kama mkwe.

Mgeni mwenyewe alikuwa afisa wa bodi ya mikopo, mwanamke asiyekuwa mzee, viatu vimejaa vumbi, mkoba mzito begani. Utaratibu ulikuwa kwamba mwombaji anayesoma nje awepo kwa simu, mzazi awepo nyumbani, na jirani mmoja awe shahidi. Majirani wengine wote walikuwa makazini. Akabaki Redio.

Ilikuwa rufaa. Chuo kilikuwa kimempa Daktari nusu ya ada, na nusu ya pili ikatoka nyumbani miaka miwili mfululizo. "Baba yako ametuma," mama alisema kila mara. Mwaka huu akasema kazi ya baba imeyumba. Kumbe kilichoyumba kilikuwa mgongo wa mama mwenyewe. Daktari akaomba mkopo wa serikali, maana bodi huwakopesha hata walioko nje. Kwenye fomu palikuwa na swali juu ya baba. Akajibu kwamba yu hai na anafanya kazi nje ya nchi. Bodi ikamrudishia mstari mmoja tu: mzazi ana kipato, mwombaji hastahili.

Ukweli ni kwamba baba hakuwa na kipato wala hakuwa baba. Aliondoka Daktari akiwa shule ya msingi, akaaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na maisha akayapata huko huko, na mke mwingine juu yake. Mama akawaambia watu kwamba mumewe yuko nje na anatuma matumizi. Nani angebisha? Ada ililipwa, sare zilinunuliwa, paa lilipovuja lilizibwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu alipita zamani, kombe likabaki limefunikwa.

Daktari aliufahamu ukweli huo akiwa msichana wa sekondari. Alikwenda ng'ambo ya pili ya mji, kule kwenye nyumba kubwa za mlimani, kuazima kitabu kwa mwanafunzi mwenzake. Akakosea geti. Lilikuwa wazi, na ndani uani akamwona mama yake ameinama juu ya beseni, povu hadi viwikoni, anafua mashuka ya watu. Akarudi kinyumenyume, akijua sasa kwamba pesa za nyumbani hazitoki kwa baba. Hakusema siku ile wala siku yoyote. Na alipolifikia lile swali la fomu, mkono ukagoma kuandika ukweli, kwa sababu bodi ingepiga simu nyumbani kuhakikisha, na mama angejua kwamba binti yake anajua. Akamwandikia baba kazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila hawakutuambia afanyeje mtu anayeuficha uchi wa mama yake.

"Mama," afisa alianza, jalada mapajani, "mimi nitauliza, wewe unijibu tu. Baba wa mwombaji yuko wapi?"

Mama aliuvuta mtandio begani. "Yuko nje."

"Anafanya kazi?"

"Anafanya."

"Na huwa analeta matumizi?"

Mama akafungua kinywa, lakini Redio akamwahi. "Analeta huyo! Mimi nakaa nao ukuta kwa ukuta. Mwanamume kama yule siku hizi humpati. Mtoto anasoma ughaibuni, nyumba unaiona ilivyo. Sasa hizo pesa zitakuwa zinatoka wapi?" Alisema kwa moyo mweupe kabisa, akidhani anampamba rafiki yake, kumbe anamchimbia mtoto kaburi.

Afisa aliyatazama makochi, akaitazama meza, akaandika.

"Sasa, mama, rufaa ni ya nini?"

"Kazi yake imeyumba kidogo."

"Basi tupate barua ya mwajiri wake. Bila hiyo mimi sina la kufanya."

"Mama," Daktari alisema kwenye simu, taratibu. Mama hakutazama. "Mama, mwambie tu."

"Nimeshamwambia, mwanangu."

Afisa alianza kulifunga jalada. Pale ukumbini, dirisha la kwanza la ofisi ya ada likashushwa kwa kishindo, na watu waliokuwa mbele yake wakahamia la pili huku wakinung'unika. Daktari akairudia simu. Alimwona mama yake akiinua chupa ya chai ili ammiminie mgeni, simu ikaanguka chali, na kwa muda akawa anaitazama dari yenye alama ya maji. Aliogopa kwamba simu ikisimamishwa tena afisa atakuwa amekwisha simama.

"Afisa, samahani," akaita. "Lile jibu la baba si kweli."

Simu iliinuliwa. Safari hii aliyeishika alikuwa afisa mwenyewe, uso umejaa kioo chote.

"Ulichokiandika kwa mkono wako si kweli?"

"Ndiyo."

"Unajua kwamba mwombaji akidanganya huku anajua, tunamfungia? Siyo mwaka huu tu. Moja kwa moja."

"Najua."

"Basi nakuuliza, na jibu lako naliandika. Ulipoandika, ulikuwa unajua?"

Daktari alikuwa bado analitafuta jibu aliposikia kikombe kikiwekwa juu ya kioo cha meza, na sauti ya mama ikaingia kati, ndogo, lakini haikutetemeka.

"Mtoto hakujua."

Afisa aliigeuza simu. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule yake iliyopambwa, mikono imeshikana mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia hivyo tangu mdogo, na yeye akaandika alichoambiwa na mama yake. Andika, binti yangu. Mume wangu aliniacha. Ana mke mwingine na watoto wengine. Tangu ameondoka hajatuma hata pesa ya chumvi."

"Na ada ya chuo?"

"Nafua nguo za watu. Nyumba za kule mlimani. Nilikuwa nafua, mpaka mgongo ukakataa." Kisha akamgeukia Redio. "Na meza hii ni ya huyu hapa. Vikombe ni vyake. Pazia nimekopa dukani, narudisha kesho."

Redio alikaa mdomo wazi. Kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule umjue, alizimika. Ndiye aliyekuwa amelitangaza jina la yule bwana kila kona, kwenye misiba na kwenye harusi, kama mfano wa mume bora, na sasa alimtazama rafiki yake kana kwamba anamwona anavuja damu.

Afisa aliandika muda mrefu. Kisha akairudisha simu usoni kwake.

"Nimemsikia mama. Sasa nataka kukusikia wewe. Ulijua, au hukujua?"

Nyuma ya bega la afisa Daktari aliuona uso wa mama yake. Mwanamke yule alikuwa ametoka kujivua heshima yote mbele ya mtu wa serikali na mbele ya Redio, na lililobaki mkononi mwake lilikuwa moja tu: kwamba mwanawe, walau yeye, alikua akiamini ana baba. Akisema alijua, anafungiwa, na hilo moja pia linaondoka.

"Sikujua," akasema.

Mama akafumba macho. Daktari naye moyo ukamuuma kwa aibu, kwa sababu katika sebule ile kila mtu alikuwa amekwisha acha kudanganya isipokuwa yeye.

Afisa alimtazama zaidi kidogo ya ilivyohitajika. Halafu akaandika, akampa Redio kalamu.

"Niandike nini?" Redio aliuliza.

"Kwamba umeyasikia maelezo ya mama, na huna pingamizi."

"Nimeyasikia." Akatia sahihi polepole. "Na uandike kwamba sitamwambia mtu."

"Hilo halina nafasi kwenye fomu, mama."

"Basi liandike pembeni."

Afisa hakulicheka hilo, wala hakuliandika. Alisema anayatuma maelezo makao makuu papo hapo, na kwamba yakikubaliwa chuo kitajulishwa leo leo. Yasipokubaliwa, hawezi kusema. Simu ikakatwa.

Daktari akasogea kwenye foleni. Dirisha la pili nalo likashushwa, likabaki moja, la yule karani wa tufaha. Mbele yake kijana mmoja alibishana juu ya risiti hadi Daktari akatamani kumnyanyua kwa kola na kumweka kando. Zamu yake ilipofika karani alibonyeza, akatazama, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Daktari akang'ang'ania ukingo wa dirisha, akamwomba atazame tena. Karani aliangalia saa ya ukutani, akapumua, akabonyeza tena kama mtu anayemridhisha mtoto. Kisha akasogeza uso karibu na mashine yake.

"Imeingia sasa hivi," akasema. "Rufaa imekubaliwa." Akagonga muhuri, na kabla Daktari hajaikunja ile karatasi dirisha lilikuwa limekwisha shushwa.

Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za jengo, akapiga simu. Mama alipokea peke yake. Redio alikuwa amekwisha ichukua meza yake, na mahali ilipokuwa palionekana sakafu tupu.

"Imepita, mama."

"Mungu ni mwema." Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Unajua Redio ameniambia nini? Ati angekuwa yeye, angemtangaza amekufa siku nyingi, angalau watu wangechanga."

Daktari hakucheka. Angeweza kuyaacha yaishie hapo. Alikuwa amepata alichokitaka, mama amebaki na alichokitaka, na mtu mwenye akili angeaga na kwenda kulala. Lakini lile "sikujua" lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

Akamweleza. Geti, beseni, povu, na jinsi alivyorudi kinyumenyume. Alieleza haraka haraka, akingoja kilio, au kufokewa, au simu kukatwa. Havikuja. Mama alikuwa ameishusha simu, na kilichoonekana kilikuwa goti lake na mkono juu ya goti, vidole vimekakamaa kwa miaka ya maji na sabuni.

"Tangu ukiwa sekondari," mama alisema mwishowe.

"Tangu wakati huo."

"Hapa mtaani nyumba tatu zilikuwa zinatafuta mfuaji. Moja ni hiyo ya ng'ambo ya barabara, unaiona ukiwa mlangoni. Zote nilizikataa. Nilisema mtoto anatoka shule, anapita hapa, atanikuta. Nikawa naupanda ule mlima asubuhi na kuushuka jioni, jua, mvua, siku zote hizo, na mgongo huu huu."

"Mama, nisamehe."

Mama aliiinua simu, akamtazama mwanawe vizuri, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na mshangao wa mtu anayepiga hesabu ya njia aliyoitembea.

"Ningejua kwamba unajua," akasema, "ningefua hapahapa."