Wasichana Tisa na Wastani wa Shule

Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka Januari, shule ilikuwa imeanguka tena, na Oyugis nzima ikawa na maoni. Wauza mitumba walijua tatizo ni nini, waendesha boda walijua, hata watu ambao hawajawahi kukanyaga sekondari walijua. Aliyekuwa na kazi ya kujua kwa hakika ni Mwalimu Mong'ina, mwalimu wa hesabu na msimamizi wa mitihani, aliyehamishiwa huku kutoka upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Akina mama wa sokoni walimwita nyar Kisii, binti wa Kisii, bila ubaya wowote.

Na alijua. Katika darasa lililokuwa likiingia kidato cha nne kulikuwa na wasichana tisa waliokwisha kuzaa. Serikali ilisema warudi shuleni, nao wakarudi. Asubuhi walichelewa, maana mtoto mchanga hanyonyi kwa kengele. Jioni waliondoka kabla ya masomo ya ziada, na Jumamosi hawakuonekana kabisa. Mong'ina alipowalinganisha na wavulana waliokosa vipindi hivyo hivyo kwa sababu zao nyingine, alikuta wameanguka sawasawa. Shida ilikuwa saa za masomo. Kuzaa hakukuwa kumemharibu mtu akili, ingawa wapo walimu walioapa hivyo huku wakinywa chai ya saa nne.

Kati ya hao tisa alikuwepo Benta wa Kosele, aliyemwachia nyanya yake mtoto kila asubuhi. Kidato cha pili alikuwa akipata E ya hesabu. Sasa alikuwa amefika C, na Mong'ina alimpenda kwa ubishi wake, maana Benta hakuwa akikubali jibu la kitabu mpaka alitafute mwenyewe.

"Naenda kuwasemea kwa bodi," Mong'ina alimwambia.

"Uwaambie tu wasogeze masomo ya jioni, Madam. Tukipata hiyo, mtaona."

Basi Mong'ina akasimama mbele ya bodi ya shule na hesabu zake. Aliomba masomo ya ziada yaletwe mchana, na chumba kimoja kisichotumika wapewe wazazi hao wadogo. Ili bodi ione uzito wa jambo lenyewe, alikuwa ameongeza kitu kimoja mwishoni: wastani wa darasa, ile mean, bila wale tisa, ambao ulizidi wa darasa zima. Alitaka kusema, tazameni shule itakavyopanda tukiwainua hawa. Mwalimu wa hesabu hudhani kila mtu anasoma hesabu kama yeye.

Mwenyekiti wa bodi, Mzee Oliver Rading', alivaa miwani. "Hebu rudi hapo chini, Madam. Hiyo five point one ni ya nani?"

"Ni ya darasa bila wale wasichana, Mzee. Nilitaka tuone kwamba..."

"Kumbe tuko na five," akasema mwalimu mkuu, Bwana Obare, kwa sauti ya mtu aliyempata ng'ombe wake aliyepotea.

Hapo mambo yakaenda mbio. Kulikuwa na shule changa huko Kisegi, mbali kule ziwani, isiyo na watahiniwa wa kutosha kuruhusiwa kuwa kituo cha mtihani. Wasichana wangesajiliwa huko ili alama zao zihesabiwe huko, nao wangehamia huko muhula wa pili. Hakuna anayefukuzwa, Obare alisema, ni kuwasaidia tu. Mong'ina alipinga mpaka sauti ikamkauka. Walimwacha aseme yote, wakamshukuru kwa kazi nzuri, wakafunga kikao kwa maombi.

"Wewe ndio wanakuamini," Obare alimwambia mlangoni. "Waambie pole pole. Ukikataa, nitawaambia mimi paredi, mbele ya shule yote."

Mong'ina akaona heri wasikie kwake. Aliwaita darasani, akatafuta maneno laini, na kadiri alivyoyalainisha ndivyo alivyojichukia. Wengine walilia. Benta hakulia.

"Madam, Kisegi mimi sina mtu. Mtoto nitamwacha na nani?"

"Nitaongea nao tena."

"Si uliongea?" Benta alimtazama usoni. "Ulisema unaenda kutusemea."



Muhula wa pili ulipofunguliwa, Benta alifika langoni na sare yake imepigwa pasi. Mlinzi, mzee Wangwe, alikuwa ameagizwa asimfungulie, na mzee wa watu alitekeleza huku akitazama pembeni. Benta akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mong'ina alipomfuata, Benta hakuomba kuingia.

"Nipe tu maswali. Nitakuwa nafanya hapa nje."

Mong'ina akampa. Wiki kadhaa alikuwa akimpitishia karatasi kati ya vyuma vya lango na kuzipokea zimejaa, zikiwa na madoa ya uji na majibu sahihi. Kisha siku moja Benta hakuja, wala iliyofuata. Nyanya yake alisema amekwenda Migori, kwenye machimbo ya dhahabu, anaponda mawe mtoto akiwa mgongoni.

Januari iliyofuata wastani ulipanda kama Mong'ina alivyoupigia hesabu, hata nukta haikukosea. Wanafunzi walikata matawi wakaimba hadi stendi ya Oyugis, wakambeba Mong'ina juu juu akiwaomba wamteremshe. Walidhani ni unyenyekevu.

Sifa zikafika mbali. Walimu wakuu waliokuwa na mkutano mjini Migori walimwita awaeleze siri. Alikwenda amepiga moyo konde kusema ukweli wote. Akawaeleza habari za saa, za masomo ya mchana, za chumba cha kunyonyeshea ambacho hakikuwahi kufunguliwa. Watu walipiga miayo kwa heshima.

"Madam, hiyo tumeelewa," akasema mwalimu mkuu mmoja, Bwana Kerosi. "Sasa tuonyeshe ile ya kuondoa."

Mong'ina aliweka chaki mezani. 

"Wale tisa tuliowaondoa," alisema, "wawili ndio walifika Kisegi. Saba hawakufanya hata karatasi moja. Mmoja wao alikuwa akinirudishia kila karatasi ya hesabu ikiwa sahihi. Sasa yuko hapa kwenu Migori, anaponda mawe. Mimi ndiye niliyemweka huko."

 Wengine waliinamisha vichwa, na mama mmoja alisema pole kwa sauti ndogo. Kerosi alisubiri kidogo, kama afanyavyo mtu mwenye adabu kwenye matanga.

"Pole sana, Madam. Ni mambo ya kuhuzunisha," akasema. "Lakini mean ilipanda?"

Mong'ina akamtazama. Alitafuta namna ya kulijibu swali lile vingine, akaikosa.

"Ilipanda," akasema.

Wote wakaandika.